UZI: Honda C70/C90 ya zamani inanguruma lakini haivuti? Usiitupe injini, anza na klachi

GiaTatu (mwanzisha uzi)

Wakuu salaam. Naweka uzi huu kwa wenye zile Honda ndogo za zamani, C50, C70 na C90, za gia za kukanyaga zisizo na mkono wa klachi. Kila mtu akija na malalamiko kwamba akipiga resi injini inanguruma ila pikipiki haiendi, au gia inaingia kwa kishindo, au inachomoka yenyewe njiani, jibu la kwanza analopewa ni injini imekufa hiyo weka ya mchina ya cc 110. Na watu wanafanya kweli. Injini nzima ya Mjapani inang'olewa inakwenda kwa mnunua vyuma chakavu, kumbe ugonjwa ulikuwa pleti za klachi zimeisha au skrubu ya kurekebishia haijaguswa miaka na miaka. Inaniuma sana hii, maana pikipiki yenyewe ukiiangalia bodi nzima, namba za injini zinalingana na za karatasi, halafu mtu anaharibu kila kitu kwa kitu cha kufungua jioni moja.

Tuelewane kwanza inavyofanya kazi, ukielewa hapo mengine utayatafuta mwenyewe. Super Cub ya kwanza, C100 ya cc 49, ilitoka Japani mwaka 1958. Soichiro Honda na mwenzake Takeo Fujisawa walitaka pikipiki ambayo hata kijana wa kupeleka tambi za soba kwa wateja ataiendesha kwa mkono mmoja, mwingine umeshika mzigo. Ndio maana klachi ikatolewa mkononi ikawekwa ijiendeshe yenyewe.

Ndani iko hivi. Klachi imefungwa kwenye ncha ya krenki, ile shafti inayozungushwa na pistoni, upande wa kulia. Ina vyuma vya uzito ambavyo injini ikiwa sailensa, yaani inanguruma polepole bila resi, vimelala tu, ukipiga resi vinarushwa kwenda nje na ule mzunguko na vinabana pleti, pikipiki inaondoka. Hiyo ni kazi ya kwanza. Ya pili, ukikanyaga pedeli ya gia, shafti ya pedeli kabla haijasogeza gia inasukuma kwanza kimkono kilichopo ndani ya kava ya kulia, kimkono kinaachia klachi, ndipo gia inabadilika. Kwahiyo mguu wako ndio unaofanya kazi ya mkono wa klachi, na yule anayependa kupumzisha mguu juu ya pedeli safari nzima anaendesha na klachi iliyoachia nusu, pleti zinateleza na kuungua bila yeye kujua. Hapo ndipo nyingi zinakofia.

Kazi ya tatu wengi hawaijui. Katikati ya klachi kuna meno yaliyokatwa mshazari. Nguvu ikitoka upande wa tairi au upande wa kiki badala ya kutoka kwenye injini, yale meno yanajikaza yenyewe na kubana pleti hata kama vyuma vya uzito vimelala. Ndio maana unapiga kiki injini inazunguka, na ndio maana ukishuka mlima ukaachia moto, yaani resi, injini inakushikia. Jamaa waliochora hii kitu walikuwa na akili kubwa mno, nikiifungua huwa naitazama kwanza kabla ya kuanza kazi.

Sasa kanuni moja kabla hujashika spana. Kama tatizo lipo gia zote, yaani ya kwanza inateleza, ya pili inateleza, ya tatu ndio kabisa, huo ni ugonjwa wa klachi. Kama tatizo lipo gia moja tu, mfano ya pili ndio inachomoka au ya pili ndio inalia na nyingine zimenyooka, huo ni ugonjwa wa giaboksi. Mtu akikwambia tufungue injini yote bila kukuuliza hilo swali muulize wewe.

Naendelea chini, niacheni niandike.

GiaTatu

Tuanze na vya bure.

Marekebisho ya nje. Kwenye kava ya kulia utaona nati ya spana namba 10, katikati yake kuna skrubu ya bisibisi bapa. Injini ikiwa imezimwa legeza nati, zungusha skrubu kulia mzunguko mmoja, kisha irudishe kushoto taratibu kwa vidole vyepesi mpaka uhisi imeanza kugoma. Ikigoma simama hapohapo, usilazimishe. Halafu irudishe kulia kidogo tu, moja ya nane ya mzunguko, ishikilie kwa bisibisi isisogee huku unakaza nati. Basi. Ikiwa imekaa kushoto mno klachi inakuwa imesukumwa muda wote, inateleza. Ikiwa kulia mno haiachii vizuri, gia zinaingia kwa kishindo na nyutro huipati ukiwa umesimama kwenye foleni. Hii skrubu pekee imeshaokoa injini nyingi nilizoletewa zikiwa zimeshahukumiwa.

Oili. Hizi injini klachi inaogelea kwenye oili ileile ya injini. Ukiweka oili ya gari zile nyepesi zilizoandikwa zinapunguza matumizi ya mafuta, zina dawa ya kupunguza msuguano, na klachi inaishi kwa msuguano. Tafuta ya pikipiki iliyoandikwa JASO MA kwenye kopo. 10W-40 au 20W-50 kwa joto letu zote zinafaa. MB ni ya skuta za mkanda, ambazo klachi yake ni kavu, usiichukue hata kama ni bei rahisi. Ujazo ni kama lita 0.8 kwa C70 injini ikiwa imefunguliwa, ukimwaga tu inaingia pungufu kidogo, kwahiyo pima kwa kijiti na usimwage kopo zima la lita moja ndani.

Sailensa. Kama pikipiki inataka kuondoka yenyewe ukiingiza ya kwanza, angalia kwanza sailensa isiwe juu. Ya kiwandani ni mizunguko 1,500 hivi kwa dakika. Watu wanaipandisha kwa sababu kabureta ni chafu na injini inazima, halafu wanalaumu klachi. Safisha kabureta.

Ukishafanya hayo matatu ukaijaribu mlimani na bado inanguruma bila kwenda, hapo sasa tunafungua.

Mnazi_Mkavu

Sheikh wangu Mungu akulipe kheri, uzi huu nilikuwa nautafuta. Mie ninayo C70 alikuwa nayo marehemu baba yangu mdogo huku Unguja, kila mtu ananiambia iuze. Inateleza gia zote tatu hasa nikipakia. Skrubu nimeshazungusha kama ulivyosema imepungua lakini haijaacha. Nikifungua hiyo kava ya kulia, lazima injini ishuke chini?

GiaTatu

Sheikh haishuki. Injini inabaki kwenye fremu yake, ukiitaka klachi peke yake unafanya kazi pikipiki ikiwa imesimama kwa stendi ya kati. Mwaga oili ikiwa ya moto kidogo. Toa ekzosi, toa bomba la kukanyagia miguu, lina bolti nne chini ya injini, toa kiki, pedeli ya breki isogeze ikupishe. Halafu bolti za kava. Zikiwa ni skrubu za nyota za Kijapani za zamani usizishambulie na bisibisi iliyolika, zitakuwa duara na utalia. Tumia ile bisibisi ya kugonga na nyundo, gonga moja mbili zitaachia. Kava ikigoma igonge kwa nyundo ya mpira pembeni, usiingize bisibisi kwenye maungio kuipekua, utachimba alumini na oili itavuja milele.

Ukiitoa kava utaona kimkono, kile kisahani chenye gololi tatu, na beringi katikati ya klachi. Hapa tulia. Katikati kabisa kuna kijibomba kidogo na springi yake, ndicho kinachopeleka oili ndani ya krenki. Mafundi wengi wanakipoteza kikianguka kwenye mchanga na wanafunga bila hicho, injini inawaka vizuri, klachi inashika vizuri, halafu baada ya muda krenki inaanza kugonga. Kiweke kwenye kikombe peke yake.

Kisha kuna kifuniko cha bati mbele ya klachi chenye skrubu za nyota. Kifungue uangalie ndani. Hizi injini hazina filta ya karatasi, zina wavu chini, na hiki kifuniko kikizunguka ndicho kinatupa uchafu pembeni. Kama hakijawahi kufunguliwa utakuta tope limeganda kama uji mweusi ukingoni. Lichokoe lote, osha kwa mafuta ya taa, na huo wavu utoe uuoshe pia, uko nyuma ya kava hiyohiyo.

BintiGereji

Naomba niongezee hapo kwa nati ya klachi maana ndipo watu wanapoharibu. Ile nati ni ya duara ina mikato minne, haishikwi na spana ya kawaida. Nimeona watu wanaigonga kwa tindo na nyundo mpaka mikato inafutika, na kila pigo linakwenda moja kwa moja kwenye krenki. Sisi pale gereji tumetengeneza ya kwetu, tulichukua soketi kuukuu inayolingana upana na nati, tukaipima, tukaikata mdomo kwa grainda na kumalizia kwa tupa mpaka yakabaki meno manne yanayoingia kwenye mikato. Ukishindwa nenda kwa mkereza vyuma yeyote Gerezani, Dar, mpe nati yenyewe mkononi kama sampuli, usimpe maneno.

Kabla ya kufungua nyoosha kwanza ule ulimi wa washa uliokunjwa kwenye nati. Inafunguka kawaida, kushoto. Kuzuia krenki isizunguke tunaweka kipande cha shaba laini katikati ya meno ya gia kubwa na ndogo, usiweke bisibisi, inavunja jino. Wakati wa kufunga nguvu ya kukaza ni kama Nm 40, na washa weka mpya, ulimi uliokunjwa mara nyingi unakatika.

GiaTatu

Asante dada, umemaliza kabisa hapo sina cha kuongeza.

Sasa pleti. Klachi ikitoka nzima ina springi kali ndani imebanwa na ringi ya waya, iminye kwanza kwenye jiliwa au kwa bolti ndefu na washa mbili nene, ringi ikilegea itoe, halafu legeza kidogokidogo. Usiifungue mapajani. Zipange pleti mezani kwa mpangilio uleule zilivyotoka na upige picha.

Unachotafuta ni hiki. Pleti za msuguano zikiwa nyeusi zinang'aa na zinanuka kuungua zimekwisha, hata kama unene bado unaonekana upo. Pleti za chuma zikiwa na rangi ya bluu zimepata moto mkali, zilaze juu ya kioo cha dirisha upitishe fila geji, vile vibati vya kupimia nafasi, chini yake, ikipita ya mm 0.2 imepinda, badilisha. Kisha angalia nyumba ya klachi, pale masikio ya pleti yanapotelezea. Pleti zikipiga miaka mingi zinachimba vijishimo pembeni, na ukiweka pleti mpya kwenye vijishimo vya zamani zinakwama humo, klachi haiachii sawasawa, gia zinaendelea kupiga kishindo na wewe unasema spea ni feki. Vijishimo vidogo vipitishe tupa laini pande zote kwa usawa, vikiwa virefu nunua nyumba nyingine. Springi nazo zipime urefu ukilinganisha na mpya, zilizochoka zinakuwa fupi.

Pleti mpya zilowekwe kwenye oili usiku mzima kabla ya kufunga. Ukizifunga kavu dakika za mwanzo tu unaziunguza.

kilima254

Maze hii thread iko poa sana. Mimi niko Nairobi, nina C90, nimezunguka Kirinyaga Road mzima nikitafuta klachi plates, wananipea za Honda Wave wakisema ni zilezile. Ni ukweli?

GiaTatu

Karibu ndugu wa Kenya. Si kweli kwa jumla hivyo. C50, C70 na C90 za zamani zina klachi moja tu, hiyo ya kwenye krenki inafanya kazi zote, kuondokea na kubadilishia gia. Wave zina klachi mbili, ya viatu kwenye krenki kwa kuondokea na nyingine ya pleti kwenye shafti ya giaboksi. Kwahiyo jina la pikipiki lisikuongoze. Beba pleti yako ya zamani mfukoni na venia, kile kipimo cha milimita, pima kipenyo cha nje, cha ndani, hesabu masikio na upana wake. Kuna pleti za mchina za injini zile ndogo za kulala zinazoingia sawasawa, lakini ni kwa kupima tu, usikubali neno la muuzaji.

Na C90 nazo zipo mbili, ya zamani ni cc 89.5, pistoni mm 50, na ya baadaye ni cc 85, pistoni mm 47 lakini stroki, yaani mwendo wa pistoni, ndefu zaidi. Ukiagiza gasketi au spea yoyote taja namba ya injini.

kilima254

Sawa mkubwa nimeshika. Sasa yangu second gear inatoka yenyewe nikiachilia moto, first na third hazina shida. Kwa ile kanuni yako hiyo ni giaboksi. Lazima nipasue injini?

GiaTatu

Usipasue bado. Klachi ikishatoka, nyuma yake utaona ncha ya ile ngoma ya gia, ina sahani yenye vijibonde, na kimkono chenye kiroli na springi kinachokaa kwenye vile vijibonde ili gia isitembee. Shika ile bolti katikati ya sahani uone kama imelegea, ikilegea sahani inacheza na gia haishiki mahali pake. Kisha angalia springi ya kimkono, ikiwa imechoka au imekatika gia yoyote inaweza kuchomoka. Angalia pia mkono wa kubadilishia kama haujapinda, maana pikipiki ikianguka upande wa pedeli shafti inapinda na inakuwa haisukumi gia mpaka mwisho. Hivi vyote vinatengenezeka bila kugawa injini.

Vikiwa vizima vyote, hapo ndio injini inashuka na inagawanywa kati, kushoto na kulia. Unachokwenda kuona ni meno ya pembeni ya gia ya pili, yale yanayokamatana na gia jirani. Yakiwa mapya kona zake ni kali, yakichoka yanakuwa mviringo na kila ukiachia moto yanasukumana nje. Iangalie na ile uma inayosukuma gia, ncha zake zikiwa nyembamba au zimebadilika rangi imeisha. Badilisha gia zote mbili zinazokamatana pamoja na uma, ukibadilisha moja ile iliyochoka itaila mpya.

Na tafadhali msikubali kuchomelea meno na kusaga upya. Gia zile zimefanywa ngumu juu kwa moto kiwandani, welding inaua ule ugumu, utaendesha kwa furaha muda mfupi halafu vipande vinaingia kwenye oili na kuzunguka injini nzima. Bora utafute injini ya C90 iliyokufa pistoni, giaboksi yake mara nyingi bado ni nzima, uhamishe seti kamili. Hizo ndizo injini zinazotupwa wakati watu wanaweka 110, ziombeni kabla hazijafika kwa mnunua chuma.

mpita_njia_Tanga

Mkuu samahani, hii mnaiitaje otomatiki wakati gia unabadilisha mwenyewe? Otomatiki si ile hubadilishi kitu?

GiaTatu

Swali zuri. Kinachojiendesha hapa ni klachi, gia ni juu yako. Honda hao hao walitoa pikipiki yenye tok konveta kabisa, CB750A mwaka 1976, waliiita Hondamatic, kwa msingi wa giaboksi waliyokuwa wameshaiweka kwenye magari yao madogo. Ilikuwa na gia mbili tu, ya chini na ya juu, unaweka moja unakwenda, na oili ikisukumana ndani ya konveta ndio inapeleka nguvu. Zikaja na ndogo zaidi CM400A na CM450A. Hizo zikichoka ni habari nyingine kabisa, presha ya oili na pampu, hazina pleti zinazobanwa na uzito. Kwa huku kwetu utakutana na Cub tu.

Mnazi_Mkavu

Sheikh, nimefungua. Tope lile ulilosema lilikuwa limejaa kifuniko chote, pleti nyeusi tii na moja ya chuma ina bluu. Nyumba ya klachi ina vijishimo vidogo nimevipitisha tupa. Kijibomba na springi vipo nimeviweka kwenye kikombe. Nimeagiza pleti kutoka Kariakoo, nimewatumia vipimo vya venia. Nikishafunga, niiendeshe vipi mwanzo?

GiaTatu

Maashallah, umefanya kazi safi. Kabla hujafunga kava pitisha oili kidogo kwenye kile kijibomba na juu ya pleti. Gasketi weka mpya, futa mabaki ya ile ya zamani kwa wembe wa mbao au plastiki. Ukishafunga rekebisha ile skrubu upya kuanzia mwanzo, maana pleti mpya ni nene na pale pa zamani si pake tena. Piga kiki mara kadhaa bila kuwasha ili oili ipande, kisha washa uiache sailensa kidogo.

Siku za kwanza ondokea gia ya kwanza kila mara, usiondokee ya pili hata kama hauna mzigo, na ukiwa kwenye mlima umesimama shikilia kwa breki, usiishikilie kwa resi. Gia ukishabadilisha toa mguu kwenye pedeli. Ukipunguza gia piga resi kidogo pedeli ikiwa bado chini halafu iachie, haitakurusha mbele. Baada ya kilomita 200 au 300 mwaga oili hiyo hata kama inaonekana safi, itakuwa na vumbi la pleti mpya, na skrubu iangalie tena maana pleti zikishakaa inasogea.

Mzigo usipakie mpaka umemwaga hiyo oili. Na ukipata nafasi tupia picha ya zile pleti za zamani hapa, watu wa C50 wazione kabla hawajanunua injini.